Wenzo wa ekseli ukivunjika: Jinsi ya kulinda gurudumu la baiskeli ya milimani katika miteremko ya Kigali

Kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kidole ndicho kinachoshikilia gurudumu la baiskeli nyingi za milimani. Kikivunjika, mwenye baiskeli ana uamuzi mmoja wa haraka: kuendelea na safari au kushuka na kutembea. Makala hii inaeleza kipande hicho kinavyofanya kazi, kwa nini huvunjika, na hatua zinazofaa kuchukuliwa barabarani na kwa fundi.

KABEZA, KIGALI – Katika mtaa wa Kabeza, wilayani Kicukiro, jirani na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kigali, ni nadra safari ya baiskeli kumalizika bila mteremko. Anayetoka nyumbani asubuhi kwenda Remera, Kanombe au katikati ya jiji hupanda na kushuka zaidi ya mara moja, kwenye lami, kwenye mawe yaliyopangwa na kwenye udongo mwekundu ambao mvua huuchimba mifereji. Mazingira ya namna hii ndiyo yaliyofanya baiskeli za milimani, zenye matairi mapana na gia nyingi, zipendwe na vijana, wanafunzi na wafanyakazi.

Hata hivyo, baiskeli hizo zina sehemu moja ambayo baiskeli nzito za mizigo na abiria, zile za waendeshaji wanaoitwa abanyonzi kwa Kinyarwanda, kwa kawaida hazina. Baiskeli za abanyonzi hufungwa gurudumu kwa nati mbili zinazokazwa kwa spana. Baiskeli nyingi za milimani hufungwa kwa wenzo mmoja mdogo, unaofunguliwa kwa mkono bila chombo chochote. Urahisi huo una faida kubwa siku ya pancha. Lakini wenzo ukivunjika au ukifungwa vibaya, gurudumu la mbele linaweza kuchomoka. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, mwendo wa kawaida kwenye mteremko, baiskeli husafiri mita 11 kwa kila sekunde. Hakuna mwendeshaji anayeweza kurekebisha kosa la ekseli ndani ya sekunde hiyo moja.

Wenzo huu ni nini?

Katikati ya gurudumu kuna habu, na ndani ya habu kuna ekseli. Kwenye baiskeli yenye wenzo wa kufungua haraka, ekseli hiyo huwa na tundu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ndani ya tundu hilo hupita ufito mwembamba wa chuma wenye unene wa milimita 5. Upande mmoja wa ufito kuna nati ndogo inayozungushwa kwa vidole, na upande wa pili kuna wenzo.

Watu wengi hudhani kwamba wenzo huo ni kama kipini cha bomba la maji, yaani unazungushwa mpaka ukaze. Sivyo. Kwenye shina la wenzo kuna kemu, kipande cha duara ambacho mhimili wake hauko katikati. Wenzo unapolazwa kutoka nje kuelekea kwenye baiskeli, kemu huuvuta ufito kwa kiasi kidogo sana, lakini kwa nguvu kubwa. Mvuto huo ndio unaobana midomo ya foku au ya fremu katikati ya nati na wenzo. Kwa maneno mengine, gurudumu hushikiliwa na ufito uliovutwa kama kamba ya ngoma. Ekseli haining'inii juu ya ufito huo. Inabanwa kwa nguvu zake.

Kuna aina mbili za kemu. Ya kwanza imefichwa ndani ya kikombe cha chuma, hulindwa dhidi ya vumbi na maji, na hubana kwa nguvu zaidi. Ya pili iko nje, na husugua juu ya kipande cha plastiki kilichopinda. Aina hii ya pili ni nyepesi na rahisi kutengeneza, lakini plastiki yake hukauka, hupasuka na kupunguza nguvu ya kubana. Yeyote anayenunua baiskeli iliyotumika anafaa kuitazama sehemu hii kabla ya kutazama rangi.

Chimbuko lake

Kifaa hiki kinahusishwa na Tullio Campagnolo, mwendesha baiskeli wa mashindano kutoka Vicenza, Italia. Simulizi iliyoenea inasema kwamba Novemba 1927, kwenye mlima wa Croce d'Aune, vidole vyake viliganda kwa baridi akashindwa kufungua nati za gurudumu la nyuma ili abadilishe gia. Baadhi ya wanahistoria wa baiskeli wameitilia shaka simulizi hiyo. Lisilo na shaka ni kwamba katika miaka ya 1930 jina lake lilihusishwa na ufito na wenzo wa kufungua haraka, na kampuni aliyoianzisha mwaka 1933 bado ipo.

Lengo la kifaa lilikuwa mashindano, ambako sekunde chache huamua mshindi. Baadaye kilienea hadi kwenye baiskeli za kawaida, na baiskeli za milimani zilipoanza kuuzwa kwa wingi katika miaka ya 1980, zilikipokea pia. Nchini Rwanda, jina la baiskeli za milimani lilipata heshima mpya mwaka 2012, pale Adrien Niyonshuti alipobeba bendera ya taifa kwenye Michezo ya Olimpiki ya London na kushiriki mbio za milimani. Septemba 2025 Kigali ikawa jiji la kwanza barani Afrika kuandaa Mashindano ya Dunia ya Baiskeli za Barabarani. Baiskeli nyingi za mashindano za leo, hata hivyo, zimeachana na wenzo wa zamani na kutumia ekseli nene inayopita moja kwa moja na kukazwa kwa hesi ndani ya fremu. Wenzo wa kale umebaki kwenye baiskeli za bei nafuu na zile zilizotumika, yaani zile zinazowafikia watu wengi.

Kwa nini huvunjika

Sababu ya kwanza ni matumizi yasiyo sahihi. Anayeuzungusha wenzo kama nati ya masikio, badala ya kuulaza, huupindisha na kuuchosha. Wapo pia wanaoukaza kupita kiasi, wakiupiga kwa nyundo au kuusukuma kwa bomba ili ulale. Wenzo mwingi wa bei nafuu hutengenezwa kwa aluminiamu ya kumiminwa au plastiki, na haukuundwa kwa mateso hayo.

Sababu ya pili ni vishindo. Baiskeli ikiangushwa upande wa wenzo, ikirundikwa juu ya gari la mizigo pamoja na nyingine, au ikiegemezwa ukutani kwa kishindo, wenzo ndio unaotangulia kugonga. Ufa mdogo unaotokea siku hiyo huweza kukaa wiki kadhaa kabla ya kipande kukatika.

Sababu ya tatu ni kuchoka kwa chuma. Midomo ya foku au ya fremu ikiwa imepinda na haitazamani sawasawa, ufito hulazimika kujikunja kidogo kila unapobanwa. Sehemu dhaifu zaidi ya ufito ni pale hesi zinapoanzia, na ndipo hukatika mara nyingi. Kutu huongeza kasi ya tatizo hili, hasa kwa baiskeli inayolala nje misimu ya mvua.

Sababu ya nne ni kuchanganya vipuri. Nati ya ufito mmoja hailingani kila mara na hesi za ufito mwingine. Nati iliyolazimishwa huharibu hesi, na siku moja huteleza ghafla bila onyo.

Hatari ya breki za diski

Kwa baiskeli zenye breki za diski mbele, jambo hili lina uzito wa pekee. Kwenye foku nyingi, kibanio cha breki huwekwa nyuma ya mguu wa kushoto wa foku, na midomo ya foku hutazama chini. Breki inaposhika, nguvu yake huisukuma ekseli kuelekea chini, yaani kule kule kwenye uwazi wa mdomo. Mwaka 2003 mwanasayansi Mwingereza James Annan aliiweka hoja hii hadharani, na tangu wakati huo watengenezaji wengi wamebadilisha maumbo ya midomo ya foku au kuhamia kwenye ekseli nene.

Maana yake kwa mtumiaji ni nyepesi kueleweka. Wenzo uliolegea kwenye baiskeli yenye breki za rimu unaweza kuvumilia kwa muda. Wenzo huo huo kwenye baiskeli yenye breki za diski huweza kuliachia gurudumu wakati mwendeshaji anapofunga breki kwa nguvu, katikati ya mteremko, wakati ambapo analihitaji zaidi.

Ndiyo maana midomo ya foku nyingi ina ndimi ndogo za chuma zilizoinuka ukingoni. Ndimi hizo hulizuia gurudumu lisidondoke mara wenzo unapolegea. Wapo wanaozisaga kwa tupa ili gurudumu litoke upesi zaidi bila kuizungusha nati. Kufanya hivyo ni kuondoa kinga ya mwisho kwa ajili ya kuokoa muda mfupi sana.

Funzo la mwaka 2015

Tatizo la nyenzo hizi halihusu vipuri duni peke yake. Aprili 2015 kampuni ya Trek ya Marekani ilitangaza kurejesha kwa ukaguzi baiskeli karibu milioni moja zilizouzwa Marekani na Kanada, za miaka ya 2000 hadi 2015, zenye breki ya diski mbele. Wenzo wake ulikuwa unaweza kufunguka kupita nyuzi 180. Ukiwa umelegea, uliweza kuingia kwenye diski na kulisimamisha gurudumu ghafla. Taarifa iliyotolewa ilitaja ajali tatu, na katika moja mwendeshaji alipooza mikono na miguu. Baadaye mwaka huo huo, kampuni nyingine 13 zilitangaza hatua kama hiyo kwa baiskeli zaidi ya milioni moja.

Baiskeli husafiri kutoka nchi moja hadi nyingine na kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na matangazo ya namna hiyo si rahisi kumfikia mnunuzi wa tatu au wa nne. Kwa bahati nzuri, kipimo kilichopendekezwa hakihitaji chombo cha gharama. Baiskeli ikiwa imesimama, wenzo wa mbele hufunguliwa kabisa mpaka mwisho wake. Kisha penseli ya kawaida hupitishwa kati ya wenzo na diski. Ikiwa penseli haipiti, yaani nafasi haifiki milimita 6, wenzo huo haufai na unapaswa kubadilishwa hata kama haujavunjika.

Ukivunjika njiani

Hatua ya kwanza ni kusimama mahali salama, nje ya njia ya magari, na kuangalia ni kipande gani hasa kilichovunjika. Hali ziko nne, na kila moja ina jibu lake.

Hali ya kwanza: mkono wa wenzo umekatika, lakini shina lake bado limelala na gurudumu halitikisiki. Katika hali hii kemu bado inabana. Hata hivyo, hakuna tena namna ya kujua nguvu iliyobaki, wala ya kuirudisha ikipungua. Baiskeli isukumwe kwa miguu mpaka kwa fundi. Asiye na budi kuipanda kwenye tambarare ajue kwamba anabeba hatari hiyo mwenyewe. Kwenye mteremko asithubutu.

Hali ya pili: ufito wenyewe umekatika au nati imepoteza hesi. Hapa hakuna kinachobana gurudumu. Hata likionekana limekaa mahali pake, linashikiliwa na uzito wa baiskeli peke yake. Kupanda hakuruhusiwi kabisa, hata kwa mita mia moja. Gurudumu la mbele huweza kutoka kwenye tuta la kwanza. Gurudumu la nyuma huvutwa na mnyororo mara mwendeshaji anapokanyaga pedali, na hujipinda likaziba kwenye fremu.

Hali ya tatu: plastiki au kikombe cha kemu kimepasuka. Wenzo unaweza kulala kama kawaida na kudanganya macho. Dalili yake ni kwamba unalala kilaini, bila kuacha alama kwenye kiganja. Hali hii ihesabiwe sawa na ya pili.

Hali ya nne: wenzo umepinda lakini haujakatika. Kishawishi ni kuunyoosha kwa koleo. Aluminiamu iliyopinda ikinyooshwa hukatika, mara nyingi si papo hapo bali siku nyingine barabarani. Wenzo wa namna hiyo ubadilishwe.

Kufunga gurudumu kwa waya, kwa kamba ya mpira au kwa kipande cha tubu ni jambo linaloonekana hapa na pale. Waya unaweza kulizuia gurudumu lisipotee wakati baiskeli inasukumwa. Hauwezi kutoa nguvu ya kubana, na kwa hiyo hauwezi kuchukua nafasi ya wenzo wakati baiskeli imepandwa.

Kulitoa gurudumu lililonasa

Mara nyingine mkono wa wenzo hukatika ukiwa umefungwa, na gurudumu likawa halitoki. Jambo la kwanza ni kujaribu upande wa pili: nati hushikwa kwa koleo imara na kuzungushwa kinyume cha saa, huku kikombe cha wenzo kikizuiwa kisizunguke. Ikiwa kutu imeshika, matone machache ya mafuta mepesi huwekwa kwenye hesi na kuachwa kwa robo saa au zaidi.

Ikishindikana, kipande cha shina kilichobaki hushikwa kwa koleo na kugeuzwa kuelekea nje, kwa upande ule ule wenzo ungefunguliwa. Njia ya mwisho ni kuikata nati kwa msumeno wa chuma. Kazi hii ifanywe na fundi, kwa sababu msumeno ukiteleza huweza kukwaruza mguu wa foku au diski. Mafuta nayo yasifike kwenye diski wala kwenye vitambaa vya breki. Breki yenye mafuta hushika kwa shida, na kuisafisha ni kazi ngumu kuliko kubadilisha wenzo.

Kununua kipya: vipimo vya kujua

Wenzo wa ekseli huuzwa pamoja na ufito wake na nati yake, na si vyema kuvitenganisha. Kipimo kikuu ni upana wa habu. Baiskeli nyingi za milimani za mfumo huu zina nafasi ya milimita 100 kati ya midomo ya foku mbele, na milimita 135 nyuma. Baiskeli nyingi za barabarani zina milimita 130 nyuma. Kwa hiyo ufito wa mbele huwa na urefu wa karibu milimita 130, na wa nyuma karibu milimita 165 hadi 170. Njia ya uhakika ni kuupeleka dukani ufito uliovunjika, vipande vyote, na kuulinganisha na mpya.

Nati inapaswa kuingia kwenye hesi kwa mizunguko kamili mitano au zaidi. Ufito mfupi unaoshika mizunguko miwili au mitatu tu hauna usalama, hata kama muuzaji atasema unatosha.

Springi mbili ndogo zenye umbo la pia huwekwa kila upande wa habu. Upande mwembamba wa springi hutazama ndani, kwenye habu, na upande mpana hutazama nje. Zikigeuzwa, huweza kunaswa kwenye mdomo wa foku na kuzuia kubana. Springi hizi hazishikilii gurudumu; kazi yake ni kuuweka ufito katikati wakati wa kufunga. Zikipotea, baiskeli bado inaweza kutumika.

Penye nafasi ya kuchagua, wenzo wa chuma wenye kemu iliyofichwa ndio wa kupendelea, hasa kwa baiskeli yenye breki za diski.

Nati na spana: dawa ya zamani

Swali moja lina maana zaidi Kigali kuliko kwenye mashindano ya Ulaya: je, mwendeshaji wa kila siku anauhitaji wenzo huu kwa kweli? Anayebeba mzigo wa sokoni au anayekwenda kazini hutoa gurudumu siku ya pancha tu, na mara nyingi mtu anayelitoa ni fundi mwenye spana mkononi. Kwake, sekunde anazookoa ni chache, na hatari ya wenzo kuchezewa na watoto au gurudumu kuibwa ni kubwa.

Kuna njia mbili za kurudi kwenye usalama wa nati. Ya kwanza ni ufito wa bolti, unaopita kwenye tundu lile lile la ekseli lakini hukazwa kwa ufunguo wa pembe sita. Hauna kemu wala mkono wa kuvunjika, na hauhitaji kufungua habu. Hii ndiyo njia fupi zaidi.

Ya pili ni kubadilisha ekseli yenye tundu kwa ekseli nzima, na kufunga nati kila upande. Inawezekana kwenye habu zenye koni na gololi zilizo huru, ambazo mafundi wengi wanazifahamu vyema. Lakini hesi lazima zilingane. Ekseli ya mbele ya mfumo wa wenzo kwa kawaida ni ya milimita 9 na ya nyuma milimita 10, zenye hesi za milimita moja. Ekseli za baiskeli kubwa za zamani zilipimwa kwa inchi: 5/16 mbele, ambayo ni karibu milimita 7.9, na 3/8 nyuma, karibu milimita 9.5. Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho, lakini koni ya aina moja haikai sawasawa kwenye ekseli ya aina nyingine. Kuilazimisha ni kuharibu zote mbili.

Fundi anapoirudisha ekseli yenye tundu, kuna kosa moja la kuepuka. Ncha za ekseli zinapaswa kukaa ndani ya unene wa midomo ya foku, zisitokeze nje. Kwa habu ya milimita 100, ekseli huwa na urefu wa karibu milimita 108, yaani milimita 4 kila upande. Ikitokeza, wenzo hubana ncha ya ekseli badala ya kubana foku. Kwa macho umefungwa. Kwa kweli gurudumu liko huru.

Kufunga ipasavyo

Baiskeli husimamishwa chini, juu ya magurudumu yake, ili ekseli ikae mpaka mwisho wa midomo kwa uzito wenyewe. Wenzo huwekwa wazi, na nati upande wa pili huzungushwa kwa vidole. Kisha wenzo hulazwa polepole. Unapofika nusu ya njia, ukiwa umenyooka sambamba na ekseli, unapaswa kuanza kukataa. Kutoka hapo husukumwa kwa kiganja mpaka ulale kabisa. Ukilala bila nguvu, ufunguliwe na nati iongezwe robo mzunguko. Ukikataa kulala, nati ipunguzwe. Wenzo uliofungwa vyema huacha alama kwenye kiganja kwa muda mfupi.

Nyenzo nyingi zina maandishi pande mbili, moja ya kufunga na nyingine ya kufungua. Ile ya kufunga ndiyo inayopaswa kuonekana kwa mtu aliyesimama nje ya baiskeli. Mkono wa wenzo uelekezwe juu au nyuma, usitokeze mbele ambako kijiti au nyasi zinaweza kuunasa. Kwa baiskeli yenye diski mbele, ni salama zaidi wenzo ukae upande usio na diski: hautagusana nayo, na mkono hautaungua kwa diski yenye moto baada ya mteremko mrefu.

Mwisho hufanywa jaribio la sekunde kumi. Gurudumu la mbele huinuliwa na kupigwa kwa kiganja kutoka juu kwenda chini. Kisha hushikwa na kutikiswa kulia na kushoto. Breki ya mbele hufungwa na baiskeli husukumwa mbele na nyuma. Penye mlio wa kugonga au mchezo wowote, safari haianzi.

Wajibu wa fundi na wa mteja

Kwa mwenye kipato kidogo, baiskeli ni nauli ya mwezi, ni njia ya mtoto kufika shule, na pengine ndiyo biashara yenyewe. Kuiacha siku mbili kwa sababu ya kipande kidogo huonekana kama hasara. Ndiyo maana wateja wengi humwomba fundi "afanye tu ifike nyumbani". Fundi mwenye kujali hulikataa ombi hilo linapohusu gurudumu la mbele, na mteja mwenye hekima hamlaumu. Gharama ya ufito mpya ni ndogo mno ikilinganishwa na ya jino, mkono au fuvu.

Wazazi nao wana nafasi yao. Watoto hupenda kuchezea chochote kinachofunguka, na wenzo uliofunguliwa kwa mchezo jioni haumwambii kitu anayepanda baiskeli alfajiri. Kuutazama kila asubuhi, pamoja na matairi na breki, ni desturi inayostahili kufundishwa mapema. Kofia ngumu pia haipaswi kuachwa nyumbani.

Ajali ikitokea, mwenye jeraha la kichwa, shingo au mgongo asiinuliwe kwa pupa. Nchini Rwanda huduma ya gari la wagonjwa hupatikana kwa namba 912, na ajali za barabarani huripotiwa polisi kwa namba 113.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa anayeteremka kutoka Kabeza, ufa wenyewe huweza kuwa mwembamba kama unywele, kwenye wenzo ambao hajauangalia tangu siku aliponunua baiskeli.